Akiba ya Mwaka Mzima

Muhtasari wa siku hiyo ulifika saa tatu kasoro robo asubuhi, mapema kuliko kawaida, Zamda akiwa kwenye kikao cha pili tangu kuche. Kikuku kilimtetemeka mkononi. Alikigeuza chini ya meza kwa kidole gumba, kama alivyofanya kila siku kwa miaka sita, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, maana ndiko yalikozoea kwenda.

*Umeokoa saa mbili na dakika nane.*

Akashangaa. Mbona mbili? Kila siku zilikuwa nne. Ndipo aliporudi juu kusoma kilichotangulia.

*Mama alikunywa uji nusu kikombe. Amefariki saa mbili na dakika nane.*

Mtu aliyekuwa akizungumza aliendelea kuzungumza. Zamda alikitazama kikombe chake cha chai, akakizungusha mpini ukaelekea upande wa pili, kisha akasimama. Bwana Kihwele, mkuu wa idara, alinyanyua uso.

"Mama yangu," alisema Zamda.

"Ooh. Pole sana, Bi Zamda. Pole sana." Kihwele alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimfanya aseme lile ambalo mtu yeyote wa Dodoma wakati ule angelisema. "Chukua saa zako. Wewe unazo nyingi."

Ni kweli alikuwa nazo. Katika jengo zima la kampuni ya Wasaa hakuna aliyekuwa na akiba kubwa kama yake. Wakati huo watu hawakuulizana tena mshahara. Fedha kila mtu alikuwa nayo kidogo au nyingi, na mwenye nyingi asiye na saa alionewa huruma kama mgonjwa. Walioposa walitaja saa zao. Waliogombana walitishiana kwa saa. Zamda akipita kwenye ukumbi wa chakula, vijana walinong'onezana idadi yake: elfu nane mia nne na hamsini. Mwaka mmoja una saa elfu nane mia saba na sitini. Zilimbakia mia tatu na kumi tu atimize mwaka mzima, siku sabini na saba au nane hivi, halafu angefunga ofisi, aende Ujiji akakae na mama yake mwaka mzima bila kuondoka, alale naye chumba kimoja, ale naye sahani moja.

Angeweza kuzichukua kidogo kidogo. Kanuni ziliruhusu. Lakini kidogo kidogo aliona ni kama kuumega mkate ambao haujaiva, naye alitaka kumpelekea mama yake kitu kilichotimia.

*

Treni ya bomba kutoka Dodoma hadi Kigoma ilichukua saa moja na nusu, nayo haikuwa na madirisha. Zamda alikaa mikono mapajani. Hakuwa na kazi ya kufanya, na hilo lilimtisha, maana asiye na kazi hufikiri.

Alifikiri juu ya naibu.

Wasaa walikuwa wakitengeneza manaibu kwa watu wenye shughuli nyingi. Unakaa chumbani siku tatu, unaongea, unacheka, unatembea, unakunja nguo, mashine zinakunakili, na mwezi mmoja baadaye kunatoka mwili wenye sura yako na sauti yako, unaoweza kwenda kule ambako wewe huna nafasi ya kwenda: foleni ya kitambulisho, kikao cha shule, harusi ya binamu, kitanda cha mgonjwa. Saa ambazo naibu anakaa huko, wewe unafanya kazi, nazo zinaandikwa kama akiba yako ya likizo. Jioni au asubuhi unaletewa muhtasari wa dakika moja. Ndiyo biashara yote.

Zamda alikuwa fundi wa mienendo. Kazi yake ilikuwa kuondoa. Mtu akinakiliwa hutoka na takataka zake zote, na wateja hawapendi takataka. Mwaka wa kwanza yalikuja malalamiko kwamba manaibu wakikaa na wazee walikuwa wakitazama mkono kila baada ya dakika chache, kama wenyewe wanavyotazama vikuku vyao, na wazee wakivunjika moyo. Zamda akalifuta tendo hilo kwa manaibu wote. Likaja lalamiko la pili: muhtasari mrefu mno, kila mmoja unaanza na hujambo, habari za kuamka, za huko, za baridi, za mguu, na unaishia na haya, wasalimie, uwaambie hivi na hivi. Watu walikuwa wakisoma salamu dakika tano kabla ya kufika kwenye habari. Zamda akatunga kanuni ya mistari miwili. *Salamu za kukutana zikatwe. Maagano ya kuachana yakatwe.* Muhtasari ukarudi dakika moja, na yeye akapandishwa cheo.

Wa kwake alimtuma Ujiji mwezi huohuo. Kila alfajiri naibu alitoka kituo cha Wasaa pale Kigoma, akafika kwa mama yake Zamda, Bi Sikitu, saa kumi na mbili kamili, akamwogesha, akampikia uji, akafagia, akamkandia mguu, akaondoka saa nne. Na mama, Zamda alijiambia mara nyingi, hakuwa na habari. Mama alifurahi kwamba mwanawe amehamishiwa karibu.

Uongo huo ulikuwa ukimkera siku za mwanzo. Baadaye ulizoeleka.

*

Uani kulishatandikwa majamvi, na wanawake wamejaa. Zamda aliingia na mtandio wake wa Dodoma, akasimama hajui akae wapi. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni, jirani aliyehamia mtaani karibuni, alisogea ampishe.

"Karibu, dada. Pole sana. Umefanana naye mno. Wewe ni mkubwa wake?"

"Mkubwa wa nani?"

"Wa Zamda." Akaonyesha kwa kidevu.

Pale ukutani, kati ya wafiwa, alikaa naibu, miguu imenyooka mbele, khanga ya mama imefungwa kifuani. Zamda alikuwa hajamwona tangu siku alipotolewa kiwandani. Alikuwa bado na uso wa miaka thelathini na minne, uso ambao mwenyewe alishaupoteza. Ila mikono haikuwa ya kiwandani tena. Viganja vilikuwa vimeingia rangi ya mawese, rangi ya chungwa isiyotoka hata kwa sabuni, kama viganja vya mwanamke yeyote wa Ujiji.

Mama mdogo Mwavita alitoka jikoni, akamkumbatia Zamda, akalia naye kidogo, kisha akamvuta chumbani.

"Kile kitu kinafanya nini pale na wafiwa?" aliuliza Zamda alipopata sauti.

"Kafiwa," alisema Mwavita.

"Mama mdogo!"

"Kaa, mwanangu. Sanda tayari, maji yako motoni, wanaume wanataka kuzika baada ya Alasiri. Lakini dada kaacha neno, na neno la marehemu siwezi kulikalia." Mwavita alijifuta pua kwa upindo wa khanga. "Alisema: siku nikifa, aniogeshe huyu anayeniogesha. Mwili wangu umemzoea."

Zamda alidakia. "Alidhani ni mimi. Alikuwa anasema mimi."

Mwavita alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo iliuma kuliko angepigwa kofi.

"Alijua tangu siku ya kwanza, Zamda. Jioni ile ile aliniita. Akaniambia, Mwavita, leo kaja mtu ana sura ya mwanangu na sauti ya mwanangu, lakini si mwanangu. Nikamwuliza, umejuaje, dada? Akasema, amekaa saa nne, hajatazama mkono wake hata mara moja."

Uani mtu alikuwa akisoma Yasini. Zamda aliisikiliza mpaka aya ikaisha. Kazi aliyoifanya kwa ustadi, ambayo alipewa cheti kwa ajili yake, ndiyo iliyomfichua kwa mama yake.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia saa ngapi?"

Haikusemwa kwa ubaya. Mwavita aliendelea, sauti ya chini, kama mtu anayepatanisha. "Sheikh tumemwuliza. Kasema hicho ni chombo, sawa na kata na ndoo. Kuosha naosha mimi na Bi Tatu, nia tunatia sisi. Maji yakipita mikononi mwake hayana neno. Lakini mwenye mama ni wewe. Ukikataa, hakuna wa kukulazimisha."

Zamda alitoka chumbani akaenda uani. Naibu alinyanyua uso, na Zamda akaona macho yake mwenyewe yakimngoja aseme.

"Mama yangu haoshwi na mashine," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Wewe kaa hapo. Usiingie mpaka nikuite."

"Sawa," alisema naibu.

Yule msichana mwenye mtoto aliinama akatazama jamvi.

*

Bi Sikitu alikuwa mdogo. Zamda hakujua mama yake alikuwa amepungua hivyo. Hakuna muhtasari uliowahi kusema. Walimlaza juu ya kitanda cha kuoshea nyuma ya pazia la khanga, wamemsitiri kwa shuka, Bi Tatu mwoshaji upande wa kichwa, Mwavita na ndoo ya maji ya vuguvugu yenye majani ya mkunazi.

Zamda alimwaga maji alipoambiwa amwage. Alisugua taratibu alipoambiwa asugue. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Alijikuta hata anapumua, akajiambia, naweza, huyu ni mama yangu, kwa nini nisiweze.

Kisha wakafika mkono wa kushoto. Ulikuwa umekunjwa kifuani, ngumi imefumba, vidole vimeingia ndani ya kiganja.

"Huo ulikaza tangu kile kiharusi," alisema Mwavita.

Kiharusi. Zamda alitafuta kichwani mwake, akakipata, miaka minne nyuma, kati ya habari za bati na habari za friji. *Mkono wa kushoto wa mama umekaza kidogo.* Siku ile alituma fedha za dawa, nyingi, akahisi amefanya jambo.

Alikishika kidole cha shahada akakivuta. Hakikuja. Akavuta kwa nguvu.

"Taratibu," alisema Bi Tatu. "Maiti hashikwi hivyo. Huyu anaumia bado."

Alijaribu kwa maji ya moto zaidi. Alijaribu kupitisha kidole chake chini ya kidole gumba cha mama. Mwavita naye alijaribu, akaacha. Jasho lilimtoka Zamda likachanganyika na machozi, na ngumi ile ndogo ikabaki imefumba mbele yake kama mlango wa nyumba ambayo ufunguo wake anao mtu mwingine.

"Tunaweza kuuacha," alisema Bi Tatu. "Maji yapite juu. Lililoshindikana limesamehewa, Mungu hamtwishi mtu asichokiweza."

Ruhusa hiyo Zamda aliisikia vizuri. Angeweza kuichukua. Mama angezikwa ameoshwa na mwanawe, na watu wangesema hivyo, na kiganja kimoja kisichoguswa na maji kingeingia naye kaburini bila mtu kukitaja. Alisimama na kata mkononi, maji yakidondoka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliyafikiria maneno ya mama yake kama maneno aliyoyasema mtu, kwa sababu zake, wala si kama tusi alilotupiwa yeye. Mwili wangu umemzoea.

Alifunua pazia.

"Njoo," alisema.

Naibu aliingia, akanawa mikono bila kuambiwa. Hakuanza na vidole. Alianza na kiwiko, akakipakata kwenye kiganja chake cha rangi ya mawese, akateremka polepole kwa kidole gumba mpaka kwenye kifundo, akakaa hapo. Kisha akainama, akagonga ngumi ile mara mbili kwa ncha ya kidole.

"Hodi, mama," alisema, kwa sauti ya Zamda.

Akanyamaza. Kimya kilikuwa na urefu wake hasa, kimepimwa, na Zamda akaelewa kwamba mle ndani ya kile kimya palikuwa na mahali ambapo kila asubuhi mtu alikuwa akiitika karibu. Mwavita alijiziba mdomo kwa khanga.

Ngumi ikafunguka. Kidole kidogo kwanza, halafu wenzake, mmoja mmoja. Kiganja kilikuwa safi, kucha zimekatwa fupi, ngozi laini kama ya mtoto. Naibu alikishikilia wazi, hakuosha. Alimtazama Zamda.

Zamda akakiosha yeye.

*

Jeneza liliondoka baada ya Alasiri. Wanawake wakabaki uani, na wapya wakaingia kutoa pole. Wengi walianzia kwa naibu. Walimshika bega, wakamwambia pole mwanangu, umemhangaikia mama yako, Mungu akulipe. Walijua ni nini, mtaa mzima ulijua, lakini walisema. Kisha wakageuka wakamwona Zamda kando yake, wakasema, "Na wewe pole."

Saa kumi na mbili akaja mfanyakazi wa Wasaa mwenye koti la kijani na kisanduku mkononi. Alimsalimu Zamda kwa heshima, maana alilijua jina lake. Anayehudumiwa akifa, naibu huzimwa Magharibi ya siku ya maziko, na yote aliyoyaona ndani ya nyumba ile hufutwa yasije yakauzwa. Kanuni nzuri, ya kulinda heshima ya wafu. Aliitunga Zamda.

"Nimpe dakika ngapi, Bi mkubwa?"

"Mpaka adhana."

Alikaa mbele ya naibu, magoti kwa magoti. Alitaka kuuliza kama mama alimchukia. Akashindwa, akauliza kama fundi.

"Kuna nini ambacho hakikuwa kikija kwenye muhtasari?"

"Salamu za kukutana," alisema naibu. "Na maagano ya kuachana."

"Alikuwa akiniaga vipi? Akikuaga wewe, namaanisha."

"Alikuwa akitoa ujumbe. Kila siku huohuo. Uliingia kwenye maagano, ukakatwa."

"Niambie."

"'Mwambie Zamda aje, hata kwa saa moja.'"

Zamda alikuwa na saa elfu nane mia nne na hamsini na mbili mkononi.

"Tangu lini?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Siku ya kwanza. Siku alizoweza kusema ni elfu mbili na themanini na tano."

"Zisome."

"Zote ni sawa. Hakuna tofauti ya maana kati ya—"

"Zisome zote. Usikate."

Naibu akaanza. Hakuzisoma kwa sauti ya Zamda. Alizisoma kama alivyozisikia, kwa sauti ya Bi Sikitu, na wanawake uani wakaacha kuzungumza mmoja baada ya mwingine. Siku ya kwanza mama alisema huku akicheka. Siku ya pili aliharakisha, kulikuwa na chungu motoni. Mwambie Zamda aje, hata kwa saa moja. Ilikuwepo ya mafua. Ilikuwepo ya hasira, moja tu. Ilikuwepo ambayo jogoo aliwika katikati yake ikabidi aianze upya. Zamda alizisikiliza bila kugeuza mkono wake, na kila moja aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeagizwa dukani asije akasahau.

Walikuwa wamefika siku ya mia nne na kumi na mbili muadhini alipoanza. Mfanyakazi wa Wasaa alingoja adhana iishe kabisa, akangoja na kidogo zaidi, halafu akagusa kisanduku chake. Naibu alikuwa amesema, "Mwambie Zamda," akanyamaza na macho wazi.

Yeye na dereva wake walimbeba kwa staha, wakamvua kwanza khanga ya mama na kumkabidhi Zamda. Ilinuka mawese na uji.

Taa ya uani ilipowashwa kikuku kilitetemeka kwa mara ya mwisho. Ulikuwa muhtasari wa kufunga, ulioandikwa kabla ya adhana. Zamda aliusoma kuanzia juu.

*Bi Sikitu binti Rajabu amezikwa saa kumi na moja. Kiganja cha kushoto kilioshwa. Zamda alikuja. Saa zilizookolewa tangu hapo: hakuna.*